Siku Nilipomwita Mjomba Madi Mwizi

Neno langu la kwanza la Kirusi halikuwa salamu. Lilikuwa mwizi. La pili lilikuwa mhuni, la tatu tapeli, na tulipokuja kufika kwenye mkate na maji nilikuwa nishaweza kumwita kwa jina lake kila mhalifu aliyewahi kukanyaga ardhi. Habari za asubuhi sikuijua. Baharia wa kwanza wa Kirusi aliponisalimia gatini Mahajanga, nilimjibu sentensi pekee niliyokuwa nayo kamili: "Mhalifu ametoroka." Masikini, aligeuka akatazama nyuma yake.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaosomea ukalimani hapa Unguja. Akasema niandike kitu cha kuwatia moyo. Mimi kutia moyo sijui, najua kazi. Mkitaka kutiwa moyo nendeni kwa mama zenu, mkishiba mrudi hapa nitawaambia kazi hii inamtaka mtu awe nani.

Na Kiswahili changu msinishangae. Nimezaliwa Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi, kwa watu wa asili ya Ngazija, Komoro, lakini bibi mzaa baba alikuwa wa hapa Unguja na alikataa katakata kusema nami lugha nyingine. Baadaye nikaolewa huku, kikakolea. Kule kwetu watu wanasema Kimalagasi na Kifaransa, na majumbani mwetu Kikomori. Kiswahili ukikisema barabarani utabaki unajijibu mwenyewe. Basi mazungumzo yote nitakayowasimulia hayakuwa ya Kiswahili. Nimeyahamisha mimi, na kuhamisha ndiyo kazi iliyonilisha maisha yangu yote.

Miaka ya mwisho ya sabini nilikuwa karani bandarini Mahajanga, binti mdogo, mkavu wa macho. Meli za Warusi zilikuwa zinakuja, na hakuna aliyejua wanasema nini. Mkubwa wetu akaamua watu wachache tufundishwe. Mwalimu alikuwa mke wa injinia mmoja, tukimwita Nina Pavlovna, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua, na darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari, joto la kumwivisha mtu. Kitabu alichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, na kilitungwa kwa ajili ya askari polisi wanafunzi. Ndiyo maana tukaanza na wezi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hii ni kazi. Nina Pavlovna hakukubali umpe neno kwa neno. Ukimwambia vor maana yake mwizi, anakutazama tu. Anauliza: mikono yake inafanya nini? Inabidi usimame uonyeshe. Vor, unanyoosha mkono unachukua cha mtu, unageuka unakwenda zako. Moshennik, yaani tapeli, huchukui kitu; unacheka, unamshika mwenzio bega, anakupa mwenyewe. Kontrabandist, mtu wa magendo, anafunga vitambaa tumboni chini ya shati, na huyo alimwigiza konstebo mmoja tuliyesoma naye, kwa ustadi mkubwa mno, mpaka tukaanza kumwangalia vingine.

Mengine yalitutoa jasho. Kulikuwa na nesun, mfanyakazi anayetoka kiwandani kwake kila siku na kijitu kidogo mfukoni: msumari leo, kipande cha waya kesho. Nikauliza, huyu si mwizi huyo huyo? Mwalimu akasema hapana, tazama miguu. Mwizi anaingia kwa watu, huyu anatoka kazini kwake. Kulikuwa na spekulyant, anayeficha bidhaa ili auze kwa bei ya juu wakati watu wana shida. Kulikuwa na vreditel, anayeharibu kwa makusudi ili kazi ya taifa isimame, na hilo mwalimu alilitamka kwa sauti ya chini, akaenda kufunga mlango. Halafu kulikuwa na tuneyadets, mtu asiyefanya kazi yoyote anakula jasho la wenzake. Konstebo aliposikia kwamba kule kwa Warusi hilo lilikuwa kosa la jinai aliomba sheria hiyo iletwe Mahajanga upesi, maana shemeji zake wote wangekuwa ndani.

Msicheke mkapita. Mwenye kubeba maneno tu anabeba magunia yaliyoshonwa, hajui kilichomo. Mwenye kuuliza mikono ilifanya nini amefungua gunia akaona.

Niwape mfano mwepesi kabla ya mzito. Miaka mingi baadaye, Warusi wa meli walishaondoka na wamekuja Warusi wa matembezi, niliitwa kituo cha polisi Andoany, mji wa kisiwa cha Nosy Be. Bibi mmoja wa Kirusi alikuwa analia, uso mwekundu, anasema ameibiwa mkufu kisiwa jirani cha Nosy Komba, vor, vor, na amemtaja mwanamke anayeuza vitambaa vya kutarizi kwamba ndiye. Yule mtarizi ameletwa na mashua, amekaa kwenye benchi, amekauka. Askari anataka kuandika. Nikaomba ruhusa, nikamuuliza bibi: mikono ya mwizi ilifanya nini? Akasimama akaonyesha. Mkono ukatoka juu, begani, ukashika mkufu, ukarudi juu. Nikamuuliza, huyu mama alikuwa amekaa juu yako? Akasema hapana, alikuwa amekaa chini, mkekani. Nikamuuliza juu yako kulikuwa na nini. Akafikiri. Akasema, mti. Basi kila mtu mle ndani akajua mwizi ni nani, maana komba wa kisiwa kile wanakula ndizi mabegani kwa wageni na wakiona kinachong'aa wanajaribu kama nacho kinalika. Mkufu ulipatikana chini ya mti. Mtarizi hakutaka kuombwa radhi, alitaka kurudishwa kwake na mashua ya serikali, na akarudishwa.

Lakini kuna somo la pili la Nina Pavlovna, nalo ndilo lililonifikisha pabaya. Alisema mkalimani hana neno "amesema." Mtu akisema mimi nina njaa, nawe unasema mimi nina njaa. Akisema mimi nimeua, unasema mimi nimeua. Husimami pembeni ukanyoosha kidole. Unaingia mdomoni mwake, ukimaliza unatoka. Nilijizoeza mpaka jikoni. Nilipokwenda likizo Andoany kwa Mama, alinikuta nakaanga samaki huku natamka kwa Kikomori, "Mimi ndiye niliyemchoma kisu, na sijutii." Siku ile nilisomewa dua na kunyunyiziwa maji mpaka shingoni.

Mama alikuwa Andoany kwa sababu ya fujo. Zile fujo zilizowakumba watu wa asili yetu Mahajanga sitazisimulia, moyo wangu haupendi. Mjue tu kwamba nyumba nyingi za mtaani kwetu zilibaki na makufuli, na waliokuwamo walipanda vyombo wakaenda Komoro, ambako wengine hawakuwa wamewahi kufika hata siku moja. Mama alikimbilia kwa dada yake Nosy Be. Aliyekataa kuondoka ni kaka yake, Mjomba Madi.

Mjomba Madi ndiye aliyenilea baada ya baba kufa. Alikuwa mnyapara wa makuli bandarini, mtu mfupi, mpana, maneno machache. Mama yao alikuwa Msakalava, wenyeji wa pwani ile, na Mjomba alikuwa Mwislamu safi wa kwenda msikitini alfajiri, lakini miiko ya upande wa mama yake aliishika vile vile bila kuona tabu. Alizaliwa Mahajanga na alisema atazikwa Mahajanga. Sasa, wakati ule sisi tuliobaki tuliishi kwa kunyata. Tuliambiana, na tuliamini, kwamba mmoja wetu akihukumiwa kwa wizi, akitoka jela hatarudi nyumbani. Atapakiwa chombo apelekwe Komoro, na ndiyo basi. Kwa hiyo neno mwizi kwetu halikuwa tusi. Lilikuwa tikiti ya kuondoka.

Siku ya siku, Inspekta wa polisi akatuma mtu ofisini kwetu: anatakiwa anayejua Kirusi, haraka. Nina Pavlovna alikuwa amesafiri kwenda mji mkuu. Nikajifunga mtandio, nikaenda. Nje ya kituo nikamkuta mkaza mjomba, mke wa Mjomba Madi, amesimama juani. Akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia Mjomba yumo ndani, wanasema ameiba melini, na kapteni amekuja na mpishi wake kushitaki.

"Zaliha," akaniambia, "ukifika kwenye maneno mabaya, yalainishe. Nani atajua?"

Niliingia ndani na alama za vidole vyake mkononi.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Kapteni alikuwa mzee mrefu, macho yamechoka, kofia mkononi. Mpishi wake nyuma. Inspekta, mtu wa bara, wa kutoka milimani, mezani. Na pembeni ukutani nani kasimama? Yule konstebo wetu wa darasani, mwigizaji wa vitambaa.

Nikasema kabla ya kukaa: huyu ni kaka wa mama yangu, ndiye aliyenilea, tafuteni mwingine. Kumbukeni hilo, vijana. Ukiwa na uhusiano na mtu, sema mlangoni, usingoje waugundue. Inspekta akaniuliza huyo mwingine yuko wapi. Hakuwapo. Meli inang'oa nanga kesho. Nikamweleza Kapteni kwa Kirusi kwamba mshitakiwa ni mjomba wangu na kwamba ana haki ya kunikataa. Akasema afadhali mtu anayesema mwenyewe mlangoni. Inspekta akamnyooshea konstebo kidole, akasema huyu naye amesoma, nitaangalia uso wake.

Konstebo Kirusi chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini vor alilijua. Kila mtu wa darasa letu alilijua.

Kapteni akaanza. Alisema kila bandari anayofika vitu vinatoka melini, na amechoka. Alisema katoni mbili za nyama ya makopo zimepotea, na mpishi amemwona huyu mtu akibeba moja, na alipoulizwa kwa ishara na Kifaransa kibovu alinyamaza kama jiwe. Aliulizwa mara nyingi, akanyamaza. Halafu akasema, wala hakupaza sauti: huyu ni vor, ni spekulyant, ni vreditel.

Sasa fikirini. Mkiwa darasani mnasoma kwamba mkalimani hana upande, mnaandika, mnakwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa na mjomba wangu mbele yangu, mtu aliyenibeba mabegani nilipokuwa na homa. Nilijua nikisema neno jingine, mchukuaji, mbebaji, lolote, konstebo atakunja uso na mimi nimekwisha. Lakini nawaambia kweli, si konstebo aliyenizuia. Nilikuwa naona kwamba nikimpunja Kapteni neno lake moja, na mjomba wangu akija kusema la kwake, sitakuwa na mdomo wa kulisemea.

Nikapiga moyo konde. Nikamgeukia Mjomba, kwa sababu Kapteni alisema akimtazama yeye, na nikasema kwa Kimalagasi, sauti ile ile ya Kapteni, haikupanda haikushuka: "Mimi nasema huyu mtu ni mwizi."

Mjomba hakupepesa. Nje dirishani nilisikia mkaza mjomba akitoa sauti, halafu nyayo zake zikienda.

Yakabaki maneno mawili, na kwa hayo sikuwa na neno moja moja la Kimalagasi. Hapo nikafanya nilichofundishwa, na ningekifanya kwa mtu nisiyemjua hata jina. Nikamwomba Inspekta ruhusa, nikamwambia mgeni ametumia maneno ambayo yanategemea kitendo, na siwezi kuyatoa sawa mpaka aseme mikono ya huyu mtu ilifanya nini. Inspekta akasema muulize.

Nikauliza. Spekulyant: aliuza? Alimuuzia nani? Kapteni akasema hajui, labda sokoni. Inspekta akauliza ni nyama gani. Kapteni akasema ya nguruwe. Inspekta akakuna kidevu, akasema mtaani kwa hawa haiuziki, lakini mimi mwenyewe ningenunua. Ile haikusaidia kitu.

Nikauliza la pili, vreditel: aliharibu nini? Basi Kapteni akamwita mpishi mbele asimulie alichoona, na mpishi, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa kusema kwa mikono. Akasema: upepo ulichafuka tukiwa tumetia nanga nje ya mji, tunapakua saruji. Kapteni akaamua kuingia mtoni, kujikinga upande wa Boanamary, na makuli wakabaki melini. Tishari moja, chombo cha kupakulia shehena, lilikuwa limefungwa ubavuni, kushoto. Katoni mbili zilikuwa mlangoni kwa jiko. Nikatoka, nikaona moja haipo na huyu ameinua ya pili kifuani, hivi. Akapita nyuma ya jiko, hivi. Akarudi mikono mitupu.

Nikayahamisha yote kwa Inspekta, pamoja na mikono. Mpishi alipoonyesha kifuani nami nikaonyesha kifuani. Alipogeuka nami nikageuka. Alikuwa amegeukia kulia.

Kapteni akasema, rudia. Mpishi akarudia, akageuka kulia. Mimi nikasema kwa Kimalagasi, "Rudia," nikageuka kulia tena.

"Kulia kulikuwa na nini?" Kapteni akamuuliza.

Mpishi akafikiri. "Maji," akasema.

Mnaona? Tishari lilikuwa kushoto. Anayeiba hupeleka kitu chake penye chombo cha kukichukulia. Na kopo la nyama halielei, hata ungeliacha baharini ukamtuma mwenzio usiku, angeokota nini? Kapteni alikuwa mwanabahari wa miaka mingi, hakuhitaji nimweleze. Na sikumweleza. Hilo nalo mliandike kichwani. Ulimi uliniwasha, lakini ile haikuwa zamu yangu. Akaketi, akaweka kofia magotini, akasema, mwulizeni kwa nini alitupa.

Inspekta akamuuliza Mjomba. Akaongeza kwamba jana alipomuuliza alijibu vimo majini, na yeye alidhani anaficha mahali pa kuvifuata.

Mjue Mjomba alikuwa hapendi kulisema lile jambo mbele ya wageni, si kwa aibu, bali kwa heshima ya mahali penyewe. Halafu akasema, na mimi nikawa mdomo wake, nikasema kwa Kirusi mimi:

"Nilizitupa. Pale tulipoingia mtoni ni mahali pa wakubwa wetu waliotangulia, na kitu kile hakipitishwi. Ukikipitisha, chombo kinazama. Makuli waliona picha ya mnyama kwenye katoni, wakanitazama mimi kwa sababu mimi ni mnyapara wao. Nilikuwa na watu wangu humo, na watu wako."

Kapteni akauliza, kwa nini hukusema nilipokuuliza?

"Kumtaja mnyama yule juu ya maji yale ni mwiko mkubwa kuliko kumbeba. Uliniuliza tukiwa bado juu ya maji. Tulipofika nchi kavu hukuniuliza tena, ulikuwa umeshamwita askari."

Inspekta, mtu wa bara, alikuwa anatabasamu upande mmoja, nadhani ile miiko ya pwani ilimchekesha. Kapteni hakucheka. Akaniambia, mwambie: kule kwetu baharia akipiga mluzi melini, tunamziba mdomo, kwa sababu mluzi unaita upepo. Nimekuwa kapteni miaka mingi na sijamruhusu mtu kupiga mluzi, na sijawahi kuulizwa sababu. Halafu akasema, lakini ungeniambia.

Mjomba akajibu, "Ungenikubalia?"

Kapteni alifikiri kwa haki kabisa. Akasema hapana.

Inspekta akainua kalamu. Akasema vizuri, mwizi nimefuta, sasa niandike huyu ni nani? Nikamuuliza Kapteni. Yule mzee akapitisha maneno yake kichwani, niliona midomo ikicheza, yale yale ya darasa letu, na moja moja aliliacha. Akasema hana neno.

"Basi andika nilitupa," Mjomba akasema. "Kwa nini lazima niwe na jina?"

Ikaandikwa hivyo. Kapteni alidai fidia ya mali ya watu wake, na Mjomba alikubali deni hilo bila ubishi. Alirudi melini jioni ile ile kwa hiari yake, akalilipa kwa kufagia vumbi la saruji ngamani, chini kabisa melini, mpaka pakang'aa, asubuhi meli ikaondoka. Aliniambia walimpa chai yenye sukari nyingi kupita kiasi. Nyama hawakumpa.

Mngedhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu mkaza mjomba aliondoka dirishani baada ya kusikia sentensi moja, na habari yenye sentensi moja inakwenda mbio. Ilifika Nosy Be kabla ya habari ya uamuzi: binti wa fulani amemwita mjomba wake mwizi mbele ya polisi na Wazungu. Baadaye watu walisikia kwamba ameachiwa, lakini haikusaidia. Kuachiwa ni kwa Mungu, kumwita mwizi ni kwangu mimi. Nilipokwenda Andoany, Mama alinipokea mlangoni, akanipa maji ya kunywa kwenye glasi ya wageni. Mnajua maana yake. Hakunitukana. Alinihudumia kwa adabu siku zote nilizokaa, na hakuna adhabu iliyowahi kuniuma kama ile adabu.

Niliapa sitaomba radhi. Nilikuwa nimefanya kazi yangu na kazi yangu ilimwokoa. Lakini usiku nililia, sitawaficha.

Ilipita Ramadhani. Sikukuu ya Idi Mjomba Madi akaja Nosy Be na mkewe, na mimi nikaja. Tumekaa sebuleni, sahani katikati, Mama ananipakulia kama mgeni. Mjomba akaona. Akaona glasi. Akamuuliza dada yake kuna nini, na Mama, aliyekuwa amelimeza miezi yote ile, akalitema hapo hapo.

"Alikuita mwizi. Kwa mdomo wake. Kweli si kweli?"

"Kweli," Mjomba akasema. "Kwa sauti nzima. Alinitazama machoni akaniita."

Mama akaweka kijiko chini. Mjomba akaendelea kula kidogo, taratibu, kama alivyokuwa.

"Na yule mzee wa meli alikuwa anamtazama yeye," akasema. "Hanitazami mimi, anamtazama mtoto wako, aone kama atalitamka la mjomba wake. Alipolitamka, nikajua nimepona. Maana nilipokuja kusema langu, yule mzee aliliamini lote. Angelilainisha lile, nani angeamini hili?"

Mkaza mjomba alikuwa anaangalia mkeka. Mama akainuka, akaichukua ile glasi mbele yangu, akaenda nayo jikoni. Akarudi na kikombe changu cha bati, kile chenye pengo, nilichonywea tangu utoto, akakitua mbele yangu. Nikanywa.

Vijana, sasa mna simu zinazosema Kirusi kuliko mimi. Nimezijaribu. Zinajua maneno yote niliyofundishwa nyuma ya bohari, na mengine machafu zaidi. Zitumieni, msizionee haya. Ila siku mtakapokaa mbele ya mtu ambaye neno moja litamwondoa nyumbani kwake, simu haitamuuliza mpishi aligeukia wapi. Mtamuuliza nyinyi. Na lile neno baya mtalisema zima, hata kama aliyekaa pale ni mama yenu.

Jioni ya ile Idi, Mjomba aliniita uani. Akaniambia nimfundishe lile neno, maana siku ile alilisikia kwa Kirusi hakulishika, na anataka kujua aliitwaje. Nikamwambia: vor. Akalijaribu. Akalirudia mara kadhaa, akiliviringisha mdomoni, mpaka likamtoka sawa.

"Limeisha?" akaniuliza. "Ndilo hilo tu?"

Nikamwambia ndilo hilo tu.

"Fupi hivyo," akasema Mjomba Madi, "na lingenitoa Mahajanga."

Alizikwa Mahajanga, kama alivyosema.